Chujio au Kinasavumbi? Dosari Moja katika Tafsiri za Matunzo ya Mitambo

Miongoni mwa majina yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya ufundi ni lile la mtambo unaosafisha hewa kwa nguvu ya umeme. Wengi huuita "chujio la hewa la umeme"; wengine huridhika na "kisafisha hewa". Jina hili la pili ni pana mno, lakini halina madhara. La kwanza lina kosa, na kosa lenyewe haliishii katika lugha, bali humfikia fundi kazini.

Jambo hili si geni kwa Nyanda za Juu Kusini. Mbeya ina kiwanda cha saruji huko Songwe. Upande wa Iringa, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985. Viwanda vya saruji na karatasi ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa mitambo ya namna hii duniani, tangu Frederick Cottrell alipopata hataza yake huko Marekani mwaka 1908. Mfasiri wa maelekezo ya viwanda hana budi kukutana nao.

Chujio hulijua kila aliyewahi kuandaa chai. Lina matundu, uchafu hubaki, kilicho safi hupita. Likiziba, hakipiti kitu. Dereva wa lori anayepanda kwenda Makete wakati wa kiangazi hahitaji kuambiwa kwamba chujio la injini limejaa vumbi: gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Yaani chujio hujisemea lenyewe.

Mtambo wetu haujisemei. Ndani yake nyaya nyembamba zenye maelfu ya volti huzitia chembe za vumbi chaji, kisha chembe hizo huvutwa na mabamba na kugandamana nayo. Hewa hupita katikati ya mabamba bila kizuizi. Mabamba yakisheheni uchafu, hewa huendelea kupita vilevile, ila sasa hupita na vumbi lake. Basi mfasiri anayeandika "Osha chujio linapoziba" amemwagiza fundi angoje siku isiyofika.

Kuna na tatizo la pili. Mitambo midogo, ile ya majumbani na maofisini, aghalabu huwa na wavu mbele ya nyaya wa kuzuia nyuzi na takataka kubwa. Wavu huo ndio chujio kwa haki. Kama mtambo mzima umekwisha kuitwa chujio, wavu utaitwaje? Fundi ataosha wavu, ataandika daftarini kwamba chujio limeoshwa, na mabamba yatabaki yalivyo.

Neno tunalolihitaji tunalo: kunasa. Mtoto ategaye ndege kwa ulimbo hamzibii njia; ndege hugusa, akanasa. Ulimbo ukifunikwa na vumbi haunasi tena, ingawa kijiti kipo palepale. Nasi twapendekeza "kinasavumbi cha umeme". Atakayesema kwamba "kinasa" kimekwisha kutwaliwa na kinasa sauti, twamjibu kwamba umbo moja laweza kuzaa majina mengi. Tena walimu wa Mufindi na Rungwe wana mfano karibu: katika viwanda vya chai zimo mashine ambazo rola zake za plastiki husuguliwa na feliti hadi zikapata chaji, zikazinasa nyuzi na kuiacha chai.

Vitenzi navyo vichunguzwe. "Kuupa mtambo huduma" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mafundi husema sevisi, na "matunzo" yafaa kwa maandishi rasmi, "matengenezo" yakabakia kwa kilichoharibika. "Kusafisha" nako hakutoshi. Mabamba ya mtambo mdogo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yakakaushwa kabisa, maana yakirudishwa na unyevu hutoa cheche. Yale ya kiwandani kwa kawaida hugongwa kwa nyundo za mtambo wenyewe, vumbi likaanguka chini. Kwenye vumbi la saruji, ndoo ya maji ingeleta kazi ya patasi.

La mwisho ni amri ya usalama. "Zima kabla ya kugusa" haitoshi, kwa kuwa mabamba huweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Iandikwe: "Zima, kata umeme, ngoja muda uliotajwa, ndipo ufungue."