Picha ya Ngoma: Tazama Mikono Kwanza

Mtu wa Ngorongo au Kibiti akifika kwenye soko la picha la Morogoro Stores, Oyster Bay jijini Dar es Salaam, anao ujuzi ambao wanunuzi wengi pale hawana: ngoma anaijua kwa masikio. Autumie. Tembo na chui wa michoro ya tingatinga watamjaa machoni. Awapite, aende kwenye picha za ngoma, ajiulize swali moja tu: hii ni ngoma gani?

Wachoraji wa zamani wa Rajasthan, India, walichora raga, yaani mitindo ya sauti ya muziki wao, katika picha ndogo, kila raga na alama zake. Megha ilikuja na mawingu ya mvua. Todi ilikuwa mwanamke na chombo chake cha nyuzi, vina, na swala wamemsogelea kusikiliza. Mjuzi hakuhitaji kusomewa jina. Nasi tuidai picha ya ngoma kiasi hichohicho.

Anzia mikononi. Kiganja katikati ya ngozi hutoa mdundo mzito. Vidole ukingoni hutoa mlio mkali. Kila mpigaji ana kazi yake, kwa hiyo wapigaji watatu wenye mikono ya namna moja, na ngoma za kimo kimoja, ni pambo tu hata rangi zikikuvutia vipi. Ile ngoma ndefu, msondo, je, imebanwa mapajani au imesimamishwa kama pipa? Na ukiona pembeni moto wa nyasi kavu, ngozi zinapashwa zikaze, ithamini sana picha hiyo. Aliyeichora amekaa ngomani.

Kisha shuka miguuni. Magoti yalegee, uzito uwe chini, nyayo zikanyage vumbi. Wachezaji wanaoelea hewani ni wengi mno sokoni. Kwenye picha ya ngoma ya sindimba, tazama kanga iliyofungwa kiunoni: mikunjo yake ndiyo inayoonyesha kiuno kinakwenda wapi.

Kuhusu rangi, Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa michoro hiyo ya tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli juu ya hadibodi. Rangi hiyo haitaki haraka. Tabaka la pili likiwahishwa, la chini hujikunja. Inamisha picha kwenye mwanga utaona.

Mchoro mmoja hurudiwa mara nyingi, na hilo si kosa. Ukiwekewa nakala mbili, chagua ile ambayo vidole vya mpigaji vinahesabika.