Mfuko wa PICS Haukaushi Mahindi

Mfuko wa tabaka tatu unaojulikana kwa jina la PICS husifiwa kwamba unaua wadudu wa ghalani bila dawa. Sifa hiyo ni ya haki, ila imefunika jambo la msingi zaidi: mfuko huu hulinda ukavu wa nafaka kwa sababu maji hayapiti kirahisi katika plastiki yake. Sababu hiyohiyo ndiyo inayomtia hasara mkulima anayefungia ndani mahindi ambayo hayajakauka. Kwa hiyo kumuuzia mtu mfuko bila kumfundisha habari za unyevu ni kumpa nusu ya teknolojia.

Tuanze na plastiki yenyewe. Karatasi nzima ya plastiki haina matundu ya kupitisha maji, na bado mvuke hupenya. Molekuli za maji huyeyuka kwanza kwenye uso wake, kisha husogea kidogo kidogo kati ya minyororo ya polima, kutoka upande wenye unyevu mwingi kwenda upande wenye unyevu kidogo, hadi zitokee ng'ambo. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, alieleza upenyaji wa gesi katika mpira kwa namna hii mwaka 1866. Kasi ya safari hiyo hutegemea mambo mawili: polima inakubali maji kiasi gani, na maji yanapata nafasi gani ya kusogea ndani yake. Mitaani kila karatasi ya plastiki huitwa nailoni, lakini nailoni halisi hunywa maji. Aina moja, nailoni 6, ikishiba hubeba takribani asilimia 9 ya uzito wake, kwa kuwa minyororo yake ina sehemu zinazoshikana na maji. Polithini imeundwa kwa kaboni na hidrojeni tu, haina pa kuyashikia maji, wala hainyonyi hata sehemu ya kumi ya asilimia. PICS imetengenezwa kwa polithini hiyo: mifuko miwili yenye unene wa mikroni 80 kila mmoja, ndani ya kiroba cha kawaida cha kufumwa. Unene ukiongezeka maradufu, mvuke unaopita hupungua kwa nusu.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza: polithini hupitisha oksijeni zaidi kuliko nailoni, basi wadudu wanakufaje? Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, aliyeanza kazi hii na wenzake kwa ajili ya kunde za Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, alitoa jibu pamoja na watafiti wenzake mwaka 2012. Wadudu huitumia oksijeni ya ndani haraka kuliko inavyopenya kutoka nje. Mdudu wa kunde naye hana maji ya kunywa ghalani. Hujitengenezea maji mwilini kwa kukiunguza chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikipungua, maji hayo hukoma, naye hukauka hadi kufa. Hata kifo cha mdudu, basi, ni habari ya unyevu.

Sasa tugeuze upande wa pili. Ukuta unaozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Kilo 100 za mahindi zenye unyevu wa asilimia 18 zinapaswa kupoteza zaidi ya kilo 5 za maji ili zifike asilimia 13.5 inayofaa kuhifadhi. Hata tukikadiria kwamba mfuko mzima unapitisha gramu 3 kwa siku, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka minne, na kuvu haisubiri hata mwezi. Madhara yake yanajulikana: mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliwaathiri watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki.

Wapo wanaosema kwamba plastiki hutoa jasho, hivyo heri kiroba kinachopumua. Matone yanayoonekana ndani ya mfuko yametoka kwenye mahindi. Usiku uso wa mfuko unapopoa, mvuke hugeuka matone juu yake. Matone hayo ni ushahidi kwamba nafaka iliingia mbichi. Kuhusu kiroba, ni kweli kwamba kinaruhusu mahindi kuendelea kukauka wakati wa kiangazi. Lakini masika yakifika mlango huohuo huingiza unyevu: hewa ikikaa muda mrefu juu ya asilimia 75 ya unyevu, mahindi hupanda kupita asilimia 14, na wadudu wanapumua bila shida. Kinachopumua kinafaa wakati wa kukausha, kisichopumua wakati wa kuhifadhi, na kosa liko katika kuvitumia kinyume.

Kipimo cha kuamua zamu ya kipi hakihitaji maabara. Weka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha iache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta, unyevu umepita takribani asilimia 15: rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Isiponata, endelea kuanika kidogo ili kukaribia asilimia 13.5, ndipo ufunge. Kila mfuko unaouzwa ungepaswa kwenda na somo hilo, kwa sababu polithini hulinda hali iliyoikuta: ikikuta ukavu italinda ukavu, ikikuta unyevu italinda unyevu.