Ufundi wa Kumjua Ng'ombe

Huko Nyakunguru, kama katika vijiji vingine vya wilaya za Tarime na Serengeti, ng'ombe bado wapo; wanaopungua ni watu wanaowajua. Mchungaji aliyekulia zizini hakungoja ng'ombe aanguke ndipo atambue kuwa anaumwa. Alfajiri, kabla ya kufungua zizi, alitazama nani anacheua na nani ameacha, pua ya nani imekauka, nani anajikokota nyuma ilhali jana alitangulia mtoni. Alipapasa chini ya sikio la ndama akitafuta uvimbe wa ndigana kali. Alimjua kila mmoja kwa rangi, pembe na tabia, na mmoja akikosekana alimtaja kabla ya kuhesabu. Huo ni ufundi kamili, sawa na wa mhunzi, ingawa haukuacha chombo cha kuwekwa makumbusho. Wala haukuwa hisani ya upande mmoja, kwani ng'ombe huyohuyo alimnywesha mtoto maziwa, akavuta plau, akarutubisha shamba kwa samadi na kumtolea kijana mahari.

Kwamba afya ya mtu na ya mnyama hutegemeana, sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilithibitisha. Ilipozuka Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe, na njaa ikawafuata wafugaji; nyumbu na nyati nao waliteketea. Kwa miongo mingi iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu Serengeti. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumbu, waliokuwa takriban 250,000, wakapita milioni moja kabla ya mwaka 1980. Hakuna aliyewachanja nyumbu hao. Waliponywa na wafugaji walioswaga ng'ombe wao hadi kwenye chanjo. Ndivyo ilivyo pia kwa mbwa walinzi: watoto huwavuta kwa kamba hadi kituo cha chanjo, na mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kumfikia mtoto.

Mtu atasema sotoka ilishindwa na maabara, si na jicho la mchungaji, na kwamba dawa za mizizi ya porini hazikuizuia. Ni kweli. Lakini chanjo haijui pa kwenda mpaka aelekezwe mwenye kuibeba. Mabaki ya mwisho ya sotoka yaliposakwa, madaktari wa mifugo waliwauliza wafugaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa wao waliweza kuitofautisha na magonjwa mengine. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani.

Leo mtoto yuko shuleni, na ndiyo haki yake; hakuna anayetaka arudishwe machungani. Kosa letu ni kwamba elimu aliyoiacha huko hatukuihamishia popote. Homa yoyote sasa hutibiwa kwa sindano ya dukani, bila kipimo wala ofisa mifugo, na maziwa huuzwa kabla dawa haijaisha mwilini mwa ng'ombe. Vijidudu huzoea dawa inayotumiwa ovyo, na inayoshindwa zizini inaweza kushindwa wodini pia. Wazee hawakuwa na maabara, wakawa na subira ya kutazama. Sisi tumepata maabara tukaitupa subira. Wajuzi waliobaki wakiondoka bila wanafunzi, ng'ombe tutaendelea kuwamiliki, lakini hatutakuwa tena tunasaidiana nao.