Mahali pa Tundu: Suala la Hiari katika *Njia Panda*

Wahakiki wa *The River Between* (1965), riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Njia Panda*, aghalabu humwona Muthoni kuwa kielelezo cha hiari. Anamwasi baba yake Joshua, anatoka Makuyu kwenda kwa shangazi yake Kameno, na anatahiriwa kwa kutaka mwenyewe. Usomaji huo una ukweli, lakini unaruka swali la msingi: ni nani aliyechagua mahali pa jeraha?

Desturi za Wagĩkũyũ zinatoa mwanga. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, eneo la magharibi ya Thika, anaeleza katika *Facing Mount Kenya* (1938) kuwa kutogwa masikio kulitangulia tohara. Alama hizo mbili zilikuwa hatua za safari moja, ila mahali pake palizipa maana tofauti. Ndewe husomwa na kila mpita njia, na mwenyewe huweza kubadilisha pambo lake. Jeraha la tohara halionekani, halibadilishwi, na bado ndilo lililompa msichana hadhi mbele ya wote. Kwa hiyo, sehemu iliyofichika kuliko zote ndiyo jamii iliyoishikilia zaidi. Kuhusu mahali, Muthoni hakupewa ndewe wala sikio.

Tofauti hii haijapitwa na wakati. Msichana wa leo wa Thika au Ruiru anayetaka kutoga sikio, pua au kitovu hukabiliana hasa na maoni ya wazazi. Akifikiria sehemu ya siri, mambo hugeuka: Shirika la Afya Duniani linataja utogaji wa sehemu hizo usio wa kitabibu katika aina ya 4 ya ukeketaji. Sheria ya Kenya ya 2011 dhidi ya ukeketaji haikubali ridhaa kuwa utetezi, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa hoja kwamba mwanamke mtu mzima aachiwe uamuzi wake. Sheria hiyo inakusudia kulinda uhai, na kifo cha Muthoni chatosha kuonyesha sababu. Hata hivyo, inathibitisha kwamba hiari haipimwi kwa utashi pekee. Hupimwa pia kwa mahali.

Kwa mtazamo huu, mgogoro wa riwaya unachukua sura nyingine. Joshua anakataza, wazee wa Kameno wanaamuru. Wote wawili wanagombea mahali pamoja katika mwili wa msichana mmoja. Muthoni anachagua baina ya amri mbili, na chaguo hilo analitimiza kwa ushujaa. Kati ya milima hiyo unapita Honia, mto ambao jina lake lina maana ya uponyaji. Jeraha lake halikupona.