T480 Ina Betri Mbili, Bunia Itatuambia Nini Tena?

Jamani, betri inatoka na mashini haizimiki! Nimesukuma vifungo viwili vya chini mbele ya muuzaji pale Boulevard de Libération, betri ya nyuma ikabaki mkononi, kioo kinawaka vilevile. Hii ni Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ya mtumba, imepitia Kampala. Nimeifungua leo hii, nyamazeni nizungumze.

Betri moja imejificha ndani, nyingine inachomekwa nyuma. Uwe na betri ya nyuma ya akiba mkobani: umeme ukikatika katikati ya mémoire, ile ya ndani inashikilia mashini wakati unabadilisha. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia (UNIBU) asiye na jenereta, sifa gani nyingine itangulie? Wembamba? Hapana. Ila soma kibandiko vizuri. T480s, ndugu yake mwembamba, haina betri ya kuchomoa, na T490 iliyofuata haina pia. Herufi moja tu, umeuziwa kitu kingine!

Halafu kibodi, lo! Vitufe vinazama na kurudi vizuri mpaka natamani kuandika barua nisizodaiwa. Chini kuna vitundu vya kutolea maji, chai ikimwagika. RAM ina nafasi mbili: anza na GB 8, pesa ikipatikana ongeza. Na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 inakubaliwa rasmi na Windows 11. T470 ya mwaka 2017 imeachwa nje, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayekusifia T470 kwa sababu ni rahisi, mshukuru, uendelee na safari.

Kioo, basi, si cha kujivunia. Juani huoni kitu, na zipo zenye pikseli 1366 kwa 768. Hizo ziache, tafuta 1920 kwa 1080. Kibodi yangu nayo ni QWERTY. Nimeweka mpangilio wa AZERTY kwenye Windows kwa ajili ya é na ç. Vidole vinajua njia, mradi macho yasitazame vitufe. Zinazotoka Ubelgiji huja na AZERTY yenyewe.

Kabla dola hazijatoka mfukoni, zima, washa, bonyeza F1 uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nywila, irudishe mezani, maana kufuli hiyo haiondoki kwa kuweka Windows upya. Kisha andika amri powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Muuzaji wangu alikunja uso, akaniacha nifanye. Ya ndani ni nzima, ya nyuma imechoka, bei ikashuka papo hapo.

Inachajiwa hata kwa USB-C. Usiku huu naweka masasisho ya Lenovo ya mlango huo, kwani bila hayo unaweza kuharibika. Na betri nene ya saa-wati 72, ile inayoinua mgongo wa mashini, nimeshaiagiza!