Cheti, Mashini ya Kushona, na Soko Ambalo Halipo

Kila mara mradi mpya wa kusaidia askari wa zamani ukitangazwa hapa kwetu Kisangani, malalamiko yetu ni yale yale: wao walishika bunduki wanapewa mafunzo, sisi tulishika bic tunaambiwa tungoje. Hasira hiyo naielewa. Mtu amemaliza lisansi, ana miaka 4 anazungusha dosie toka biro moja hadi ingine. Lakini naona tunagonga mlango ambao si wenyewe. Kabla ya kuwaonea bademobilize wivu, tuangalie kwanza kile walichopewa.

Tuanze na hesabu. CONADER, tume ya leta ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, iliundwa mwezi Desemba 2003. Benki ya Dunia na mfuko wa MDRP, ulioshughulikia nchi za Maziwa Makuu na jirani zake, walileta karibu dola milioni 200 kwa Kongo peke yake. Zilikuwa msaada, si deni. Mpiganaji alikuwa na njia mbili: kuingia jeshi jipya ao kurudi uraiani. Mji wetu uliona ile njia ya kwanza kwa macho, maana brigedi ya kwanza ya jeshi lililochanganywa ilifundishwa Kisangani na Wabelgiji mwaka 2004. Aliyechagua njia ya pili alipewa dola 110 siku ya kutoka, halafu dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla 410.

Watu wazima waliopita njia hiyo katika awamu ya kwanza walizidi 100,000. Zidisha. Hata kama kila mmoja alilipwa hadi mwezi wa mwisho, ni kama dola milioni 41 hivi. Kwa kila dola 5 za mradi, karibu 1 njo ingeingia mfukoni mwa askari wa zamani. Zingine ni kambi, usafiri, chakula, matibabu, biro, na mafunzo. Nakubali kwamba kusafirisha watu katika nchi hii bila barabara kunakula feza. Lakini ikiwa tulisema mafunzo njo yatakayomlisha mtu baada ya zile dola 25 kuisha, basi mafunzo hayo tuyapime kwa ukali.

Na hapo njo kuna kasoro ya kwanza. Katikati ya 2006 kazi ya CONADER ilisimama kwa kukosa feza, wakati watu wengi walikuwa wameisha kutoka jeshini lakini bado wanangoja mafunzo na vifaa. Yaani bunduki ilichukuliwa kwanza, kazi ikaahidiwa kwa kesho. Kosa hilo lilirudi vibaya zaidi: mwaka 2014 Human Rights Watch ilitangaza kwamba watu zaidi ya 100, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa katika kambi ya Kotakoli, huku wakingoja mpango uanze. Watu walifika mbele ya feza. Mtu akisikia habari hiyo kule msituni, utamwambia nini ili atoke?

Kasoro ya pili ni orodha ya kazi zenyewe: kushona, useremala, mekanike, ufugaji, kilimo, biashara ndogo. Orodha hiyo unaikuta kila mahali, iwe mjini ao kijijini. Chukua Bangboka, kule kwenye uwanja wa ndege. Ukifundisha watu 30 kushona na kumpa kila mmoja mashini, nani atashonesha nguo kwa mafundi 30? Jirani analima muhogo na mpunga, anauza mawese, anashonesha nguo ya sikukuu mara moja ao mbili kwa mwaka. Baada ya miezi michache mashini inauzwa, halafu tunasema "hawa watu hawapendi kazi". Mtu kauza kitu kisichomzalia chochote. Hata mimi ningeuza.

Linganisha na toleka. Wakati wa vita, Kisangani ilikatwa na mto, mafuta yakakosekana, vijana wakaanza kubeba watu kwa kinga. Hakuna semina iliyowafundisha. Abiria walikuwepo, basi kazi ikazaliwa. Na pikipiki zilipojaa, toleka ikapungua. Soko linaleta kazi na soko linaiondoa. Cheti hakina nguvu hiyo.

Uganda wanatufundisha jambo lingine. Kati ya 1992 na 1995 walitoa jeshini askari zaidi ya 36,000. Mchumi Paul Collier alifuatilia jambo hilo, akakuta kwamba hatari ya uhalifu ilikuwa kwa wale waliokosa shamba. Aliyekuwa na pa kulima alitulia. Hapo napenda tujiulize juu ya Bangboka: mtu aliyezaliwa mbali, aliyeletwa huku na vita, anapata shamba kwa nani? Kwa shefu? Kwa familia ya bibi yake? Ukimfundisha kilimo bila kujibu swali hilo, umemfundisha kutamani shamba la mwenzake.

Watu hupenda kutaja Marekani: sheria ya 1944 ilisomesha ao kufundisha kazi askari wa zamani karibu milioni 7.8. Ni kweli. Lakini kule askari alijichagulia shule, na viwanda vilikuwa vinaajiri. Na hata hivyo, weusi wengi walifungiwa milango. Mafunzo peke yake hayakufanya maajabu.

Nisiwe mtu wa kubomoa tu. Mpango mpya, P-DDRCS, ulioundwa Julai 2021, unasema msaada upitie kwa jamii nzima, si kwa mpiganaji peke yake. Hilo ni jibu zuri kwa wivu wetu, na ni haki kwa mama aliyeporwa na wale wale wanaofundishwa leo. Lakini jamii nzima ikipewa mashini za kushona, tutakuwa na mafundi 60 badala ya 30. Barabara ya kupeleka mpunga sokoni, mashini ya kukoboa, karatasi ya shamba: hivyo vingemsaidia askari wa zamani na jirani yake kwa mara moja.

Sasa sisi. Tusijidanganye, miradi hii inafanyishwa na watu kama sisi. Sisi njo tunajaza fishi, tunahesabu waliofika, tunaandika raporti. Na raporti inauliza wangapi walifundishwa, wangapi walipewa vifaa. Mara chache inauliza wangapi bado wanafanya ile kazi baada ya mwaka. Ukipata kazi katika mradi kama huo, omba swali hilo liingie kwenye fishi. Tembea soko kabla ya orodha ya kazi kuandikwa. Uliza shamba liko kwa nani. Ukiona feza haijafika, usikubali watu waitwe kambini.

Nasi tulipewa cheti kwa soko ambalo halipo. Diploma zetu ziko ndani ya sanduku. Kwa hiyo bademobilize wa Bangboka si mshindani wetu. Tuko naye kwenye foleni moja, na tofauti ni kwamba yeye anajua njia ya kurudi msituni.