Ufundi wa Kumfundisha Mtu Kuvuta Pumzi

Vumbi la Athi River ni la kila namna. Lipo la saruji, ambalo mji huu umeishi nalo tangu East African Portland ilipojenga kiwanda chake hapa miaka ya 1950. Lipo la viwanda vya chuma, na lile linalotimuliwa na malori ya Barabara ya Mombasa wakati wa kiangazi. Kisha ikaja sheria ya 1990 ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, na baadaye soko la Marekani kupitia AGOA, sheria yao ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, mwaka wa 2000, na ndani ya mabohari ya ushonaji zikaongezeka chembe za nyuzi zinazoelea juu ya meza za kukatia vitambaa. Mfanyakazi akimaliza zamu anarudi kwenye chumba cha kupanga Mlolongo au Kitengela, ambako jirani ameshawasha jiko la makaa mlangoni. Si kila kifua kitakachougua kwa hayo. Ila mwenye pumu, au mwenye mapafu yaliyochakaa kwa miaka ya moshi, hana pa kukimbilia, na akifika kliniki ya kampuni au kituo cha afya anayempokea kwanza ni muuguzi. Nasema kwamba kinachomweka mgonjwa huyu hai mwaka hadi mwaka ni ufundi wa muuguzi kabla ya kuwa dawa au mashine, na kwamba ufundi huo tunauacha ufifie mbele ya macho yetu.

Tuchukue inhela, kile kichupa chenye bomba ambacho kila kemisti hukiuza. Kukibonyeza ni rahisi. Kuifikisha dawa kwenye mapafu ni shughuli nyingine kabisa. Mgonjwa asiyefundishwa hubonyeza kabla hajaanza kuvuta, au huvuta kwa pupa, na dawa yote ikaishia kooni. Muuguzi anayejua kazi hasemi “tumia mara mbili kwa siku” akaita mwingine. Humkalisha mgonjwa wima, akamwambia aitikise inhela, atoe pumzi hadi iishe, afumbe midomo vizuri kwenye bomba, kisha abonyeze huku akivuta polepole, na azuie pumzi kwa kama sekunde kumi. Halafu humwambia arudie, naye akimtazama midomo na mabega. Mgonjwa akishindwa kwenda sambamba na bomba, kuna chupa ya plastiki ya nusu lita: kitako hutobolewa kwa waya uliopashwa moto, tundu likalingana na mdomo wa inhela, na mwanya ukazibwa; dawa hujaa kwanza ndani ya chupa, naye akaivuta kwa utulivu. Wasidhani wenye vyeo kwamba hii ni mbinu ya kimaskini tu. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka wa 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Kuna na somo la rangi, ambalo huwapita wengi. Inhela ya buluu hufungua kifua papo hapo, kwa hiyo hupendwa. Ile ya steroidi, aghalabu ya kahawia, haileti nafuu ya ghafla. Hutuliza uvimbe wa njia za hewa kwa siku na majuma, na hutaka mtu asukutue kinywa baada ya kuitumia. Mfanyakazi mwenye hela za kununua moja hununua ya buluu, na hakuna wa kumlaumu. Lakini tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa ya buluu peke yake, kwa sababu anayeitegemea hiyo tu hukaa karibu na hatari bila kujua. Karatasi ya dawa haiwezi kumshawishi mtu aliyepata nafuu leo akubali dawa ambayo faida yake haioni. Hilo hufanywa na maneno ya mtu anayemwamini, yakirudiwa kila anapokuja.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni, kwa hiyo jicho la muuguzi limepitwa na wakati. Kifaa hicho ni kizuri, na Covid ilitufunza thamani yake. Lakini katika shambulio la pumu namba inaweza kubaki nzuri muda mrefu huku mgonjwa akichoka, na utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kifaa hicho huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Muuguzi wa kweli huhesabu pumzi kwa dakika nzima, ameshika kifundo cha mkono ili mgonjwa asijue kinachohesabiwa. Huangalia kama ngozi inazama kati ya mbavu. Husikiliza kama mtu anamaliza sentensi au anatoa neno mojamoja. Na hujua jambo linalomponyoka mgeni wa kazi hii: kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla, na mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu, ni dalili kwamba hewa haipiti tena. Kwa mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ustadi hugeuka upande wa pili, kwa maana oksijeni ikizidi nayo humdhuru; hulengwa asilimia 88 hadi 92, na ni lazima awepo mtu wa kupunguza mtungi usiku.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vumbi ni jukumu la mwajiri, na muuguzi hawezi kufagia bohari. Kweli kabisa. Florence Nightingale aliandika mwaka wa 1859 kwamba jambo la kwanza la uuguzi ni kuifanya hewa ya mgonjwa iwe safi kama ya nje; hakuwa amefikiria mji ambao ukifungua dirisha unaingiza saruji. Hata hivyo, muuguzi anayeuliza “unafanya kazi idara gani?” na “ukiwa ofu, kifua kinakuwaje?” anapata jambo lisiloonekana kwenye picha ya eksirei. Pumu inayolegea siku za mapumziko na kubana mtu akirudi kazini imeshasema inakotoka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka magonjwa ya kazini yaripotiwe, lakini ripoti haiwezi kuandikwa pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Na kuuliza kunataka muda. Foleni ni ndefu, wauguzi ni wachache, na baada ya mgomo wao wa miezi mitano wa 2017 serikali ya Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka wa 2021 wa kuwapeleka wauguzi wetu huko. Siwalaumu waendao. Nalaumu hesabu inayoona idadi ya wagonjwa waliohudumiwa na isione mgonjwa aliyefundishwa akaondoka anaweza. Zamani sista wa wodi alisimama nyuma ya mwanafunzi hadi mkono ukazoea. Leo mwanafunzi huyo anaachiwa mashine ya mvuke na fomu za kujaza. Basi wasimamizi wa kliniki za EPZ na wa vituo vya afya vya manispaa yetu ya Mavoko wampe muuguzi dakika kumi kwa kila mgonjwa wa kifua, na waziandike dakika hizo kuwa kazi, kama wanavyoandika sindano.